Karen au Runda? Nyumba ya Nairobi na hati iliyo nyuma yake

Mfanyabiashara wa Kampala ambaye shughuli zake humlazimu kukaa Nairobi nusu ya kila mwaka huchoka, mapema au baadaye, kulipa kodi ya nyumba isiyo yake. Akiba ikitosha, mazungumzo ya nyumbani hugeukia kununua, na majina mawili hutajwa kabla ya mengine: Karen na Runda. Yote mawili ni makazi ya wakwasi. Yote yana miti mirefu, kuta ndefu na walinzi malangoni, na mgeni aliyezungushwa na dalali siku moja, nyumba tatu huku na tatu kule, huweza kurudi hotelini asijue aeleze vipi tofauti aliyoiona.

Tofauti ipo, na mwenye kukaa huko huihisi kila asubuhi anapowasha gari. Hata hivyo, kwa raia wa nchi jirani, kuchagua mtaa ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua anauziwa nini hasa, kwa miaka mingapi, na kama aliyemtangulia kuimiliki ardhi hiyo aliipata kwa haki.

Mashamba mawili ya kahawa

Mkazi wa Kampala amezoea kuwaona wenye fedha wakipanda vilimani: Kololo, Muyenga, Nakasero. Nairobi haina desturi hiyo. Huko utajiri hupimwa kwa nafasi, yaani umbali kati ya mlango wa nyumba na lango la barabarani, na ndiyo maana mitaa yake ya kifahari ilichipuka juu ya mashamba ya zamani ya walowezi.

Karen iko kusini-magharibi mwa jiji, chini ya milima ya Ngong. Sehemu kubwa yake ilikuwa shamba la kahawa lililosimamiwa na Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyefika mwaka 1914. Shamba lilifilisika, likauzwa mwaka 1931 na kugawanywa viwanja kwa ajili ya Wazungu waliotaka kuishi mashambani bila kuuacha mji. Nyumba yake ilitolewa na Denmark kwa Kenya mpya, na tangu mwaka 1986 ni jumba la makumbusho. Umbo la mtaa halijasahau asili hiyo: barabara nyembamba zisizo na njia za waendao kwa miguu, vichaka vya mipaka badala ya kuta katika sehemu za zamani, na viwanja ambavyo hadi leo mara nyingi havipungui nusu ekari.

Runda iko kaskazini, ng'ambo ya msitu wa Karura, karibu na mpaka wa kaunti ya Kiambu. Nayo ilikuwa kahawa, lakini ni mtaa mchanga zaidi. Kilichoukuza ni jirani yake Gigiri, ambako Umoja wa Mataifa uliweka makao makuu ya shirika lake la mazingira, UNEP, na baadaye la makazi, UN-Habitat. Balozi kadhaa zikafuata, ukiwemo wa Marekani, uliohamia huko baada ya ule wa katikati ya jiji kulipuliwa mwaka 1998. Mtumishi wa kimataifa akipewa kazi Gigiri hutafuta nyumba Runda, na mwenye nyumba Runda hulijua hilo vizuri anapotaja kodi.

Hapo ndipo hesabu ya kwanza ilipo. Bei ya ekari moja Runda imekuwa juu kuliko ya Karen kwa miaka mingi, na anayenunua ili apangishe ana sababu ya kuilipa, kwa kuwa wapangaji wake ni watu wa mashirika na balozi. Anayenunua ili alee watoto, apande migomba na kufuga mbwa wawili, kwa fedha ileile atapata kiwanja kikubwa zaidi Karen. Wengi huuliza ni wapi penye heshima zaidi. Swali hilo halina faida kwa mgeni, kwani heshima haipunguzi foleni.

Barabara, maji na udongo

Foleni ina uzito kuliko jiko jipya. Aliye Karen huingia mjini kwa barabara ya Ngong au ya Langata, na zote mbili zikijaa asubuhi, umbali wa kilomita chini ya ishirini huwa safari ya saa nzima na zaidi. Southern Bypass imemwokoa anayekwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta au barabara ya Mombasa, kwa kuwa haimpitishi tena katikati ya jiji, na uwanja mdogo wa Wilson u karibu. Aliye Runda hutegemea barabara ya Limuru na ya Kiambu. Northern Bypass humpeleka barabara ya Thika, na akifika Westlands anaweza kulipia barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 hadi upande wa uwanja wa ndege. Kuvuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine saa za shule ni adhabu. Familia yenye ofisi Gigiri na watoto katika shule za Karen na Langata itakuwa imenunua nyumba moja na kuishi ndani ya magari mawili.

Maji yanastahili ziara ya pekee, tena mwishoni mwa kiangazi. Runda ina kampuni yake ya maji, iliyoanzishwa chini ya jumuiya ya wakazi, na jambo hilo huipa nafuu ambayo mitaa mingi ya Nairobi haina. Karen hutegemea zaidi visima virefu, vya mtu mmoja au vya majirani walioungana. Kisima kina kibali chake, pampu yake na bili yake ya umeme, na maji ya ardhini ya Nairobi yanajulikana kwa wingi wa floridi, ile inayoyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Mnunuzi aombe kuona kibali cha kisima na matokeo ya kupimwa kwa maji. Muuzaji asiyekuwa navyo hana cha kukasirikia.

Udongo nao hutofautiana hata ndani ya Karen yenyewe. Upo mwekundu, mzuri kwa msingi na kwa bustani. Upo pia mweusi, hasa kuelekea Langata, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuondoa huonyesha nyufa zinazoanzia pembe za madirisha. Rangi mpya ukutani wiki moja kabla ya mnunuzi kuja si lazima iwe hila, lakini ni sababu ya kumwita mhandisi. Na kwa vile sehemu kubwa ya Karen haijaunganishwa na mabomba ya maji taka ya jiji, kila nyumba hubeba tangi lake. Ndiyo sababu kubwa ya viwanja kuwa vikubwa, na ndiyo hoja ambayo wakazi huitumia wanapopinga maghorofa.

Wakazi wa mitaa yote miwili wana jumuiya zenye nguvu, na mgeni asizidharau. Zina ada, zina masharti ya ujenzi, na hazisiti kwenda mahakamani. Mtu aliyenunua kiwanja Runda akiota kujenga nyumba nne za kupangisha huenda akagundua kwamba hati yake imefungwa na sharti la nyumba moja. Masharti hayo husomwa kabla ya kutoa arubuni.

Jina linaponyooshwa

Kuna hila moja ya madalali isiyo kosa la jinai, nayo ni kunyoosha jina. Nyumba iliyo upande wa Ngong au Ongata Rongai hutangazwa kuwa ya Karen, ilhali imo kaunti ya Kajiado. Iliyo ndani ya Kiambu huitwa Runda kwa sababu lango la Runda linaonekana kutoka ghorofani. Kwa Mkenya, hasara yake ni ya sifa tu. Kwa raia wa Uganda, Rwanda au Burundi inaweza kuwa hasara ya kila kitu, kwa sababu mpaka wa jiji mara nyingi ndio mpaka kati ya ardhi ya mjini na ardhi ya kilimo. Sheria ya Kenya ya udhibiti wa ardhi huitaka bodi ya eneo iidhinishe mauzo ya ardhi ya kilimo, na huikataza kuidhinisha yanayompa asiye raia, ila kwa msamaha wa Rais. Mauzo yasiyo na idhini ni batili. Mpangilio wa majengo haubadilishi jambo: nyumba yenye bwawa la kuogelea bado inaweza kusimama juu ya ardhi iliyoandikwa kuwa shamba.

Wengi hudhani uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umeliondoa tatizo hili. Haujaliondoa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema wazi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 65, inasema asiye raia atamiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Hata hati ikisema miliki ni ya kudumu, ikiingia mkononi mwa mgeni huhesabiwa kuwa ya miaka 99. Kampuni nayo si njia ya mchepuko: huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Kwa Mganda hili si geni, kwani Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 huwatendea wageni vivyo hivyo.

Jambo linalosahaulika ni miaka iliyobaki. Viwanja vingi vya Nairobi vilitolewa kwa ukodishaji wa miaka 99 enzi za ukoloni, na saa yake haikuanza upya kila nyumba ilipouzwa. Mwenye kununua nyumba ambayo ukodishaji wake umebakiza miaka 25 amenunua miaka 25, pamoja na matumaini ya kuongezewa. Benki hulitazama hilo kwa jicho kali. Mikopo ya nyumba yenyewe ni michache Kenya, takriban 30,000 nchi nzima kwa hesabu za Benki Kuu, na mgeni mwenye kipato cha fedha ya nchi nyingine hayumo mstari wa mbele.

Hati iliyo safi mkononi, chafu mzizini

Kwa miaka mingi mawakili wa Nairobi walimwambia mteja kwamba akikagua sajili, akamkuta muuzaji ndiye mwenye jina na hakuna zuio, basi amelala salama. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliubadilisha ushauri huo. Katika kesi kati ya kampuni ya Dina Management na serikali ya kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha Nyali kilichozuia njia ya watu kufikia ufuo, mahakama iliamua kwamba hati haitoshi: ikiwa ardhi ilitolewa mara ya kwanza kinyume cha sheria, aliyeinunua baadaye hapati ulinzi, hata kama alinunua kwa nia njema na kulipa bei kamili.

Uamuzi huo hauko mbali na Karen wala Runda. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu wa Karura viligawiwa kampuni binafsi, na Wangari Maathai alipigwa Januari 1999 alipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji huo. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 iliorodhesha ardhi za umma zilizotolewa kwa njia hiyo kote nchini. Karen nayo ilitikisika mwaka 2014 kwa mgogoro wa ekari 134, ambamo zaidi ya mtu mmoja alikuwa na karatasi. Mwaka 2018 serikali ilibomoa majengo yaliyokuwa kwenye kingo za mito, likiwemo duka kubwa la Langata, ingawa wenyewe walishika vibali. Mganda anayejua shida ya kununua ardhi ya mailo na kuwakuta wenye vibanja juu yake ataielewa hatari hii haraka, ila ya Nairobi haionekani kwa macho: kiwanja ni kitupu, nyasi zimekatwa, na mdai ni barabara, mto au msitu.

Kwa hiyo wakili, ambaye asiwe wa muuzaji, hutumwa kurudi nyuma hadi ugawaji wa kwanza, si mmiliki wa mwisho tu. Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, umerahisisha ukaguzi wa sajili ya Nairobi, lakini majalada ya zamani bado yanahitaji miguu ya mtu. Mpima ardhi huthibitisha mawe ya mipaka, hasa Karen, ambako viwanja vikubwa vimegawanywa mara nyingi. Idhini ya mke au mume wa muuzaji huambatishwa ikiwa ni nyumba ya ndoa. Vyeti huonyesha kwamba muuzaji hadaiwi kodi za kaunti wala za serikali.

Desturi ni kulipa asilimia 10 mkataba unapotiwa saini, nayo hukaa mikononi mwa mawakili hadi mauzo yakamilike, kwa kawaida ndani ya siku 90. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, juu ya thamani inayokadiriwa na mthamini wa serikali. Muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida yake, kiwango kilichopanda kutoka 5 Januari 2023, na tangu hapo wapo wanaomwomba mnunuzi aandike bei ya chini kwenye mkataba na kulipa iliyobaki kando. Anayekubali hupoteza mara mbili: fedha ya kando haidaiki mauzo yakivunjika, na siku atakapouza yeye, kodi yake itahesabiwa kuanzia ile bei ndogo aliyoiandika.