Chuchu saa sita bila kisu: kipi kinasaidia, kipi kinakula pesa tu

Ndani ya titi hakuna msuli wa kulibeba. Jambo hili dogo la maumbile wauzaji wa dawa za kusimamisha matiti hawalitaji, na ndilo linaloamua kipi kitafanya kazi na kipi kitaishia kukutoboa mfuko.

Titi ni tezi za maziwa na mafuta. Linafunikwa na ngozi na kushikiliwa na nyuzi nyembamba ambazo Astley Cooper, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alizieleza mwaka 1840. Mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Zikishavutika hazirudi. Kinachozivuta pamoja na ngozi ni mimba, uzito unaopanda na kushuka, umri, sigara na ukubwa wa titi lenyewe. Daktari anayetaka kujua titi limelala kiasi gani huangalia chuchu iko wapi ikilinganishwa na mkunjo wa chini ya titi. Ikiwa usawa wa mkunjo, limelala kidogo. Ikiwa imeshuka chini yake na kutazama sakafu, limelala sana, na hapo hakuna mbadala wa kisu utakaoipandisha.

Kunyonyesha hakumo kwenye orodha hiyo, na wengi watashangaa. Madaktari wa upasuaji wa Kentucky, Marekani, walilichunguza suala hili kwa wanawake waliofika kutaka kurekebishwa matiti, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa idadi ya mimba ilichangia, kunyonyesha hakukuchangia. Kwa hiyo anayemwachisha mtoto ziwa mapema ili abaki na umbo lake anamdhulumu mtoto bure.

Mbadala wa kwanza, na wa bei nafuu kuliko yote, ni sidiria inayokutosha. Wanawake wengi wanavaa saizi waliyoizoea tangu usichana. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kifua chini kidogo ya matiti baada ya kushusha pumzi, kisha pima pale matiti yalipojaa. Chini ukipata inchi 34 na juu inchi 37, tofauti ni tatu: inchi moja ni kikombe A, mbili B, tatu C. Yako ni 34C, ingawa viwanda havilingani, hivyo jaribu kabla ya kulipa. Mzigo unatakiwa kubebwa na mkanda wa chini, si kamba za mabegani; kamba zikikuchora mabega, ujue mkanda umelegea. Inua mikono: mkanda ukipanda mgongoni, ni mkubwa. Kwa sidiria za mtumba, uvute mkanda uuachie. Usiporuka kurudi, iache hapohapo hata kama lesi yake inang'aa.

Sidiria haitibu nyuzi zilizovutika. Ukiivua, titi linarudi lilipokuwa. Lakini kwa anayekimbia au kucheza mpira, ile ya michezo inapunguza mtikisiko na maumivu, na kwa hilo pekee inastahili bei yake.

Mazoezi nayo yana ukweli wake na uongo wake. Pushapu na kunyanyua vyuma vinajenga msuli wa kifua ulio nyuma ya titi, si titi lenyewe. Sehemu ya juu ya kifua inaweza kujaa kidogo. Faida ambayo haisemwi sana iko mgongoni: mgongo wenye nguvu unanyoosha mabega, na kifua kilichonyooka hubadilisha mwonekano siku hiyohiyo. Kama unapunguza uzito, punguza polepole na usiruhusu urudi.

Tukija kwenye chupa na makopo, habari si nzuri. Barafu inakaza ngozi kwa dakika chache, basi. Uwatu ni kiungo kizuri jikoni, ila haufupishi nyuzi, na anayekunywa dawa za kisukari ajihadhari, kwani nao unaweza kushusha sukari. Krimu ya kulainisha ngozi haina ubaya. Hatari iko kwenye krimu isiyoandikwa kilichomo na kwenye mkorogo: steroidi zikipakwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuitia michirizi, yaani unanunua ulegevu kwa pesa yako.

Kliniki za urembo zina mashine za kupasha ngozi joto ili ijikaze, na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe. Kwa titi dogo lililolala kidogo, huenda utaona badiliko dogo la muda. Titi zito huzishinda nyuzi hizo. Sindano za kujaza matiti ziogope zaidi. Macrolane, iliyokuwa ikitumika Ulaya, iliondolewa kwenye matumizi ya matiti mwaka 2012, baada ya wasiwasi kwamba inavuruga usomaji wa picha za uchunguzi wa saratani. Anayekuja kukudunga nyumbani au saluni, mfungie mlango.

Na kama titi moja tu limebadilika umbo ghafla, chuchu imeingia ndani, ngozi imebonyea au umepapasa uvimbe, weka kando habari za urembo na uende hospitali wiki hii. Saratani ya matiti ikigunduliwa mapema inatibika.