Je, Wajua? Kilomita Angani na Saa Zake

Je, wajua kwamba kuna ndege inayokaa angani karibu saa 19 bila kutua popote? Ni ya Singapore Airlines, kati ya Singapore na New York, zaidi ya kilomita 15,300. Ndani mna viti 161 tu, na daraja la kawaida halimo kabisa!

Unadhani viwanja vyaweza kuachana zaidi ya hapo? Vyaweza, ila si sana. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, kwa hiyo popote ulipoketi sasa hivi, hakuna uwanja ulio mbali nawe kwa zaidi ya kilomita 20,000 na kidogo. Ukipita hapo, umeshaanza kurudi kwenu!

Sogea karibu, hii ni yetu. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York: saa 15, marubani 4, wahudumu 12, mafuta tani 85 kwa kwenda tu. Kurudi? Saa 14! Njia ni ileile, lakini upepo wa huko juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege kwa nyuma.

Na bado. Ukipaa Nairobi mwezi Desemba saa 5 usiku, unatua New York saa 12 asubuhi ya kule. Umekaa kitini saa 15, lakini ukihesabu kwa saa za ukutani zimepita 7! Dirishani ni giza karibu safari nzima, maana ndege inakimbilia magharibi na alfajiri inaifuata bila kuifikia.

Upepo ule wa kutoka magharibi usiudharau hata kidogo. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways iliruka kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita kilomita 1,300 kwa saa. Haikuwa Concorde, ile ndege iliyosifika kwa kasi, ilikuwa Boeing 747!

Una mpira na uzi hapo? Mpira ukiwa dunia, uvute uzi kutoka Dubai hadi Los Angeles. Utashangaa: njia fupi kuliko zote inapita karibu na Ncha ya Kaskazini!

Je, wajua kwamba Mwanza iliwahi kuwa mwisho wa njia ya ndege kutoka London? Ilikuwa mwaka 1931, enzi za shirika la ndege la Imperial Airways. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town, na safari nzima ilikuwa siku 11 hivi. Leo London hadi Cape Town haifiki hata saa 12!

Na safari ya ndege iliyo fupi kuliko zote? Iko Scotland, visiwa vya Orkney: Westray hadi Papa Westray, kilomita 2.7. Rekodi yake ni sekunde 53. Maji ya chai hayajapata hata moto!

Shika na hii. Kati ya Apia, Samoa, na Pago Pago, Samoa ya Marekani, mwendo haufiki saa nzima, ila mstari wa tarehe umepita katikati. Sali Ijumaa Apia, kesho yake Jumamosi saa 2 asubuhi panda ndege. Ukishuka Pago Pago, ni Ijumaa asubuhi, na swala ya Ijumaa bado!