Bikira Aliyejitambulisha kwa Kinyarwanda

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa isimu aliniuliza, kwa mzaha, iwapo Bikira Maria huwatokea watu akizungumza Kilatini. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani swali lenyewe lina uzito kuliko alivyodhani.

Tarehe 28 Novemba 1981, katika bwalo la chakula la shule moja ya wasichana huko Kibeho, kusini mwa Rwanda, Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na mwanamke mzuri ajabu. Alipomuuliza yeye ni nani, alijibiwa kwa Kinyarwanda: Ndi Nyina wa Jambo.

Msomaji wa Kiswahili atahisi kwamba yuko karibu na nyumbani. Nyina ni ndugu ya neno letu la kale, nina, yaani mama. Lakini Jambo hapa si shughuli, sembuse ile salamu tunayowauzia watalii. Kwa Kinyarwanda ijambo ni neno, na irabu ya mwanzo inapodondoka, nomino hiyo huwa kama jina la mtu. Basi aliyesimama mbele ya msichana yule alijiita Mama wa Neno, yule Neno anayefungua Injili ya Yohana.

Kule Lourdes, Ufaransa, mwaka 1858, Bernadette Soubirous naye alisemeshwa kwa lahaja ya kwao, wala si kwa Kifaransa cha shuleni. Wenye shaka watasema kwamba mtu husikia lugha aliyo nayo kichwani. Huenda. Hata hivyo, Wanyarwanda hawakuletewa jina la kutafsiriwa. Walilipokea likiwa lao.

Walimu na wanafunzi wengi walimdhihaki Alphonsine. Marie Claire Mukangango, aliyekuwa mstari wa mbele katika dhihaka hizo, baadaye alisema naye ametokewa. Mnamo Agosti 1982 wasichana hao walisimulia njozi za mito ya damu. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisa la Kibeho waliuawa. Marie Claire mwenyewe aliuawa mwaka 1995. Askofu Augustin Misago aliyathibitisha matokeo hayo tarehe 29 Juni 2001.

Linalonikosesha usingizi mimi, mtu wa isimu, ni kwamba redio ya RTLM iliyochochea mauaji ilitumia Kinyarwanda kile kile, tena fasaha, kuwaita majirani inyenzi, yaani mende.

Mwanafunzi wangu sasa anataka kuandika tasnifu juu ya maneno hayo mawili, ijambo na inyenzi. Nimemshauri aanze na la pili.