Je, Wajua? Gamba la kobe hutegemea anacholalia

Gamba la kobe wa ndani likiota vilima, wengi hulaumu chakula chenye protini nyingi. Utafiti wa Wiesner na Iben uliochapishwa 2003, kuhusu watoto wa kobe wa Sahel, ulionyesha kuwa ukavu wa hewa huchangia zaidi. Protini ilikuwa na athari ndogo tu. Haishangazi: huko kwao kobe hawa hushinda mashimoni, kwenye unyevu. Kumtandikia magazeti basi hakufai, tena yanateleza.

Mtandikie udongo usiotiwa mbolea, uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi. Chota konzi moja uikamue: libaki donge, lisidondoshe tone. Kina kimtoshe kujifukia mzima. Maranda ya mwerezi usiyaguse kabisa. Harufu ile tunayoipenda kabatini hutokana na mafuta yanayoudhi mapafu yake. Mchanga mtupu nao humezwa pamoja na majani, ukaziba utumbo.

Kobe wa majini? Tangi la maji lisilotandikwa kitu chini linamtosha, na kulisafisha ni rahisi. Ukitaka mawe, yawe makubwa kuliko kichwa chake. Changarawe ataila.