Kompyuta ya mtoto inajizima? Usikimbilie kununua RAM

KIJANA wa kidato cha nne anaomba kompyuta ya nyumbani iongezewe RAM na kadi ya grafiki. Sababu anazo: programu ya kuhariri video inakwama, gemu linaganda, na mashine inajizima yenyewe katikati ya kazi. Mzazi akishasikia neno gemu, pochi imefungwa.

Kijana huenda anasema kweli. Ila kifaa anachokiomba huenda kisiuponye ugonjwa wenyewe. Kama kompyuta ilinunuliwa mtumba, swali la kwanza ni hili: mmiliki wa kwanza aliifanyia nini?

Kompyuta za mezani zilizotumika, hasa zile za kasha kubwa lenye dirisha ubavuni na feni za taa za rangi, nyingi zilianzia kwa wacheza gemu. Baadhi yao walizipandisha kasi kupita ile ya kiwandani, jambo ambalo vijana huliita ovakloki. Chukua prosesa ya Intel Core i5-2500K ya mwaka 2011. Kiwandani ilitoka na kasi ya gigahezi 3.3, na wapenzi wa gemu waliisukuma hadi 4.5. Herufi K mwishoni mwa jina ndiyo inayoonyesha kwamba kasi yake imeachwa wazi kubadilishwa.

Hilo si kosa. Lakini kasi ya ziada hulipiwa kwa umeme mwingi na joto jingi. Mashine ilipokuwa mpya, feni ilimudu. Miaka zaidi ya kumi baadaye, pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka, vumbi limejaa kwenye mapezi ya chuma, na kasha limekaa kwenye chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, dirisha likitazama jua la mchana. Inazidiwa, inajizima. Fundi mwenye haraka atasema RAM imekufa.

Dawa ya kwanza haina gharama. Nakili picha na kazi za shule kwenye flashi. Kisha washa kompyuta huku ukibonyeza Delete au F2 mfululizo, utaingia kwenye menyu ya BIOS. Piga picha kila ukurasa kwa simu, halafu chagua kurudisha mipangilio ya kiwandani. Picha hizo si za mapambo: ikiwa diski ilikuwa imewekwa kwa njia ya AHCI au RAID na mpangilio huo ukabadilika, Windows inaweza kugoma kuwaka, na utahitaji kuurudisha ulivyokuwa. Pulizeni vumbi, mbadilishe pesti, kisha mtumie mashine wiki nzima. Ikiacha kujizima, mmeokoa fedha.

Ikibaki nzito bila kujizima, hapo RAM inaingia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati kijana akiwa kazini, uone kumbukumbu imejaa kiasi gani. Mashine ya GB 4 iliyojaa pomoni ikipelekwa GB 8 au 16, tofauti itaonekana siku hiyohiyo, kuliko ovakloki yoyote. Hakikisheni tu Windows ni ya biti 64, kwa sababu ile ya biti 32 ya nyumbani haivuki GB 4.

Mashine ya umri huo hutumia DDR3. Ya DDR4 haiingii, mkato wake uko mahali tofauti, kwa hiyo asiwepo wa kuilazimisha kwa kidole gumba. Nunueni vipande viwili vinavyofanana. Na msiirudishe ovakloki baada ya kuongeza: kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, na nafasi zote nne zikijaa mzigo wake huongezeka. Makosa ya RAM si lazima yazime mashine. Yanaweza kuharibu faili kimyakimya, na mtoto akagundua siku ya kukabidhi kazi. Programu ya bure ya MemTest86 ikiachwa usiku kucha itasema ukweli.

Kadi ya grafiki ndiyo penye hatari zaidi, na pawa saplai ndiyo ya kutazamwa kwanza. Nafasi ya PCI Express kwenye bodi kuu imewekewa kikomo cha wati 75. Kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wake wa pini sita au nane kutoka kwenye pawa saplai. Kama waya huo haupo, msikubali kuunganishiwa kibadilishi cha bei chee. Waya mwembamba ukibeba mzigo mkubwa huyeyuka. GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016, imepangwa kwa wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Pimeni pia urefu ndani ya kasha kwa futi kamba kabla ya kwenda dukani.

Dukani macho yawe wazi. GT 1030 zipo za namna mbili, ya GDDR5 na ya DDR4, na hiyo ya pili ni ya polepole zaidi ingawa jina ni lilelile. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yenu na kufungua GPU-Z, programu ya bure inayozinasa nyingi za namna hiyo. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Kuhusu kiasi cha kutumia, mzazi ana haki ya kubana. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizipokei rasmi prosesa za mwaka 2011. Mashine hiyo inaweza kuhamia Linux, lakini haina miaka mingi ya kugharamiwa. RAM ya DDR3 nunueni ya mtumba, kwa kuwa haitahamia kwenye kompyuta ijayo. Kadi ya grafiki itahama, hivyo fedha kidogo iliyopo ielekee huko. Na aliyeomba ndiye ashike bisibisi: achomoe waya wa umeme, abonyeze kitufe cha kuwashia kumaliza umeme uliobaki, aguse chuma cha kasha, kisha afungue.