Springi Fupi na Shokomzoba Zake: Nasaha kwa Wanaoteremsha Magari

Vijana wengi wa Kampala hupenda gari lililoinama. Subaru au Toyota iliyokwisha kutumika Japani huingia nchini ikiwa na kimo chake cha kiwandani, na haichukui muda kabla tumbo lake halijaikaribia lami. Polisi hawana ugomvi na mapenzi hayo. Wasiwasi wetu ni namna kazi yenyewe inavyofanywa.

Usiku mmoja tulisimamisha gari katika barabara ya Jinja kwa kuwa taa zake zilimulika hatua chache tu mbele. Dereva, kijana mwenye adabu, alieleza: "Afande, fundi alikata mizunguko miwili tu." Tulipoliinua gari kwa jeki, springi ya mbele iliachana na kiti chake, ikacheza kama bangili mkononi. Kiti cha nyuma alikuwa ameketi mama yake.

Ndugu msomaji, springi hubeba uzito wa gari. Shokomzoba haibebi uzito huo; kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kuruka. Katika magari mengi madogo, vitu hivi viwili vya mbele huunganishwa katika nguzo moja, na nguzo hiyohiyo hushikilia gurudumu lisimame wima. Gurudumu lililoruka juu ya tuta halina breki wala usukani mpaka lirudi chini.

Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, lakini si kwa kipimo kilichokusudiwa na mtengenezaji, na ncha yake mpya hailali vizuri kwenye kiti. Kuichoma kwa moto wa gesi ni vibaya zaidi. Unyumbufu wa chuma hicho ulipatikana kiwandani kwa joto na upozaji wa kipimo. Moto wa fundi huuondoa, na springi huendelea kuzama siku hadi siku.

Anayetaka kuteremsha gari anunue springi zilizotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya gari na injini yake, kwani injini nzito huhitaji springi yake. Milimita 25 hadi 40 zatosha. Tuseme gurudumu lina nafasi ya kupanda milimita 80: ukishusha gari milimita 40, nusu ya nafasi imekwisha. Kwa hiyo springi fupi hufanywa ngumu, na springi ngumu hurudi kwa nguvu ambayo shokomzoba ya zamani haiwezi kuizuia. Hapa ndipo wengi hubana fedha mahali pasipofaa. Chagua shokomzoba fupi, yenye ukinzani unaolingana na springi hizo, ukabadilishe pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, na mipira ya kikomo iwe ile iliyoelekezwa na mtengenezaji.

Kazi hii isifanywe uani kwa kamba na spana. Springi iliyobanwa ndani ya nguzo ina nguvu ya kuua. Nati ya juu isilegezwe kabla springi haijafungwa kwa vibanio vyake maalumu.

Baadaye magurudumu yapimwe upya, la sivyo tairi zitalika upande wa ndani. Mipira ya breki ikaguliwe isisuguliwe. Baadhi ya magari, hasa pikapu, yana vali inayopima kimo cha nyuma ili kugawa nguvu ya breki. Gari likishushwa, vali hudhani limebeba mzigo, ikaongeza breki za nyuma, na kwenye mvua mkia wa gari huteleza. Mafundi wengi husahau jambo hili.

Kwa mwenye kuishi kwenye barabara ya udongo na makorongo, mimi ningemshauri aache kabisa.

Kijana yule alirejea baada ya wiki mbili, akiwa na springi na shokomzoba za seti moja. Gari lilikuwa limeshuka milimita 30. Tulipima taa zake ukutani. Moja ilihitaji kupandishwa kidogo.