Tairi Kubwa, Injini Ileile

Mbuzi anayechinjwa Kiamaiko mara nyingi ameanza safari mbali sana: Isiolo, Marsabit, Garissa, Moyale. Aliyetoka Moyale amesafiri zaidi ya kilomita 700 kabla ya kushushwa kwenye machinjio haya ya Mathare, Nairobi. Sehemu ndefu ya safari hiyo kwa kawaida hufanywa na lori juu ya lami. Lakini kabla ya lori kuna kipande cha kwanza, kutoka bomani hadi mnadani na kutoka mnadani hadi barabara kuu, juu ya mawe meusi ya Dida Galgalu, mchanga wa malaga (mito ya msimu) na udongo wa Chalbi unaogeuka gundi mvua ikinyesha. Kipande hicho ni cha Land Cruiser pikapu ya dizeli.

Mwenye gari kama hilo akifika Nairobi na pesa za mifugo mfukoni, hupitia gereji. Kariobangi Light Industries si mbali, na vipuri vinapatikana Kirinyaga Road. Ombi linalosikika sana ni hili: nifungie tairi kubwa zaidi. Gari lenye tairi kubwa huonekana limesimama kiume, na dreva huamini kwamba halitakwama tena. Ninaliheshimu ombi hilo, kwa sababu anayelitoa anajua maana ya kulala nyikani na mbuzi wenye kiu. Ndiyo maana nataka hesabu yake ifanywe kwa ukamilifu, kabla ya pesa kutoka.

Tuanze na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. 235/85R16 ni saizi inayofungwa sana kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70. Namba 235 ni upana kwa milimita, 85 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, kipenyo kizima ni kama milimita 806. Sasa chukua 315/75R16, ambayo wapenzi wa magari ya porini huipenda sana. Kipenyo chake ni karibu milimita 879. Tofauti ni milimita 73, yaani asilimia 9.

Kati ya milimita hizo 73, gari linainuka kwa nusu tu, kama milimita 36, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Hiyo ndiyo nafasi inayoongezeka chini ya difu. Na nisiidharau: kwenye ekseli nzima kama ya Land Cruiser, tairi ndiyo njia pekee rahisi ya kuinua difu yenyewe. Springi ndefu huinua bodi na chesisi, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa, tayari kugonga jiwe. Mtu anayepita kila wiki kwenye mawe ya Marsabit ana sababu halali ya kuzitaka milimita hizo 36.

Gharama yake inaanzia kwenye injini. Gurudumu la zamani lilizunguka mara 395 hivi kwa kila kilomita, jipya linazunguka mara 362. Kwa injini na giaboksi, hilo ni sawa kabisa na kubadilisha difu. Kama difu yako ina uwiano wa 4.11, sasa gari linajiendesha kana kwamba ina 3.77. Kila gia imekuwa ndefu zaidi kwa asilimia 9, kuanzia namba moja hadi tano, na hata ile gia ya chini ya magurudumu manne inayotumika kupanda mwamba polepole. Injini inapaswa kusukuma kwa nguvu zaidi ili kupata msukumo uleule pale tairi inapokanyaga.

Na injini yenyewe ni ipi? Pikapu nyingi za aina hii Kenya zina 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na tabo. Ni injini ya kuaminika kupita kiasi, na mafundi wanaijua ndani nje. Torki yake ni Nm 285 hivi, nayo inapatikana kwenye mizunguko ya chini, karibu 2,200 kwa dakika. Lakini kipimo hicho ni cha hewa ya pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kama ilivyo, kwa hiyo oksijeni inayoingia kwenye silinda imepungua kwa kiasi hichohicho. Barabara kutoka Isiolo hupanda mabega ya Mlima Kenya kuelekea Timau, zaidi ya mita 1,000 juu ya ilikoanzia. Dreva asiyengoja lori, aliyepakia mbuzi mwenyewe na kufunga tairi za 315, anapanda hapo na injini iliyopungukiwa mara mbili, mara moja na mlima na mara ya pili na tairi. Namba nne inakataa, anarudi namba tatu. Akikaza mguu, pampu inaongeza dizeli kuliko hewa iliyopo, na moshi mweusi unaobaki nyuma yake ni mafuta aliyoyalipia ambayo hayakuungua yote.

Wanaoshindana Rhino Charge wanalijua jambo hili vizuri. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 kuchangia ujenzi wa uzio wa msitu wa Aberdare, na mshindi ni anayefika kwenye vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, si kwa kasi. Magari yaliyojengwa upya kwa ajili yake yana tairi kubwa, lakini difu nazo hubadilishwa na ekseli kuimarishwa. Hesabu ni nyepesi: zidisha uwiano wa zamani kwa ongezeko la tairi. Kwa difu ya 4.11 na tairi ya 315/75, unahitaji 4.48 ili injini irudi ilipokuwa. Hilo ni badiliko la mbele na nyuma pamoja, kwa sababu difu mbili zenye uwiano tofauti zikiunganishwa kwenye magurudumu manne zitavunjana.

Breki pia ina hesabu yake. Ili kupunguza mwendo kwa kiwango kilekile, breki inapambana na mkono mrefu zaidi kwa asilimia 9. Juu ya hapo, tairi kubwa la matope linaweza kuwa na uzito wa kilo saba hadi kumi zaidi ya la kawaida, na uzito huo uko mbali na kitovu, ambako ni mgumu zaidi kuanza kuzunguka na mgumu zaidi kusimama. Ukaidi wa gurudumu wa kupinga mabadiliko ya mwendo unaweza kupanda kwa zaidi ya nusu. Gari linaporudi kaskazini limebeba unga na sukari na kuteremka kutoka Timau kwenda Isiolo, injini inalizuia kidogo kuliko zamani kwa sababu gia ni ndefu, na breki inabeba kilichobaki. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mtu akikosa nguvu mlimani atachelewa. Akikosa breki mteremkoni, anaweza kuua.

Mzigo wenyewe haukai kimya. Mbuzi husukumana upande mmoja kona inapokuja, na kitovu cha uzito kikiwa kimepandishwa kwa tairi na tena kwa springi ndefu, za kuzuia tairi zisikwaruze madgadi, gari hupinduka kwa mwendo ambao zamani lilikuwa salama. Anayebeba maturubali na jerikeni anaweza kuinua gari lake kuliko anayebeba wanyama hai.

Saa ya mwendo nayo hudanganyika, kwa sababu inahesabu mizunguko ya giaboksi, haioni barabara. Ikionyesha 80, gari linakwenda 87, na kamera ya polisi inasoma 87. Gavana ya kudhibiti mwendo inayopokea hesabu hiyohiyo nayo itaruhusu 87 huku ikiamini ni 80. Kilomita pia zinapungua kwenye saa: umbali wa 100 unaandikwa kama 92. Basi dreva akipiga hesabu ya mafuta huona gari limeanza kunywa kuliko kweli, na oili anayodhani ameibadilisha kwenye kilomita 5,000 imefanya kazi kwa 5,450. Dawa ni rahisi: linganisha saa na kasi inayoonyeshwa na simu yenye GPS kwenye barabara iliyonyooka, kisha fundi wa gavana aisahihishe.

Sasa nifike kwenye lile linalowavutia wengi zaidi, imani kwamba tairi kubwa haizami. Ukubwa wa eneo linalogusa ardhi huamuliwa hasa na uzito na upepo. Gurudumu lililobeba kilo 800, likiwa na upepo wa pauni 36 kwa inchi mraba, linahitaji eneo la sentimita mraba 315 hivi ili kubeba mzigo huo. Funga tairi kubwa zaidi, ujaze upepo uleule, na eneo linabaki karibu palepale. Kinachobadilika ni umbo lake, linakuwa refu au pana kidogo. Lakini toa upepo hadi pauni 18, kwenye tairi ileile ya zamani, na eneo linakuwa karibu mara mbili. Kazi ya dakika chache, bila shilingi.

Ralph Bagnold, mwanajeshi wa Uingereza aliyevuka jangwa la Libya kwa magari kati ya vita viwili vya dunia, alitegemea mbinu hii ya kupunguza upepo mchangani, na baadaye akaandika kitabu kizima cha fizikia ya mchanga kilichotoka mwaka 1941. Iceland wamefika mbali zaidi. Huko pikapu za Toyota hufungwa tairi za inchi 44 na kupunguzwa upepo hadi pauni tatu au nne ili zitembee juu ya theluji. Ukubwa wa tairi zile unasaidia kwa sababu tairi lenye ubavu mrefu linavumilia upepo mdogo bila rimu kugusa chini. Upepo ndio unaofanya kazi, ubavu unauruhusu.

Mchanga wa laga unataka upepo mdogo. Udongo mweusi wa tambarare ni jambo lingine kabisa: tairi nyembamba hukata tope na kutafuta ardhi ngumu iliyo chini, huku pana ikielea juu na kuteleza kuelekea mtaroni. Wazee waliofunga 7.50R16 nyembamba miaka yote hiyo walikuwa na sababu. Na tahadhari moja ya lazima: ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo. Tairi laini lenye mzigo hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na joto hilo ndilo linalopasua. Tangu lami ya Isiolo hadi Moyale ikamilike, kosa hili limekuwa rahisi sana kufanyika, kwa kuwa dreva anatoka mchangani na dakika chache baadaye yuko kwenye 100.

Ukiniuliza nifunge nini kwenye 1HZ inayofanya kazi ya mifugo, nitasema 285/75R16 ndiyo mwisho. Kipenyo chake ni kama milimita 834, ongezeko la asilimia 3.5, na nafasi chini ya difu inapanda kwa milimita 14. Difu ya 4.30, ambayo Toyota yenyewe ilifunga kwenye baadhi ya magari haya, inafidia ongezeko hilo lote. Kwa 315, usifunge bila kubadilisha difu na kukagua breki, hata muuzaji akikupunguzia bei. Saizi yoyote utakayochagua, geuza kwanza stiaringi mpaka mwisho kulia na kushoto gari likiwa limepakiwa, uangalie tairi inagusa wapi. Na kama unanunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa dukani na vijino vyote.

Na kama pesa za mwezi huu zinatosha kitu kimoja tu, nunua kompresa ndogo ya betri na geji nzuri ya upepo, kisha urudi kaskazini na tairi ulizonazo.